Maswali yenu: Nimejisajili SHA, mbona bado naambiwa nilipe?

Mwezi huu meseji na barua zenu zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, SHA, ile mamlaka ya serikali ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, na haya matibabu kwa wote yanayozozaniwa bungeni, kortini, matangani mpaka juu ya feri. Nimechukua zile zinazogusa watu wengi, nyengine nimezikata kidogo kwa sababu ya nafasi, na majina tumeyaacha.

*Mhariri habari za kazi. Mimi ni mtu wa boda huku Mtopanga. Nilijisajili SHA kwa chifu zile siku za mwanzo mwanzo tu, nikamuingiza mke na watoto wote na meseji ikaja kwamba tayari. Juzi mwanangu wa mwisho kashikwa na kifua, dispensari walimuangalia vizuri hatukutoa hata ndururu, lakini wakasema hali yake yataka alazwe twende hospitali kubwa. Kufika kule naambiwa hujalipa, toa pesa. Sasa kujisajili ni kwa ajili gani? Si tuliambiwa hata kama huna kitu utatibiwa?*
Mtu wa boda, Mtopanga

Pole sana ndugu yangu, na mtoto Mungu amrudishie afya yake. Ulivyofanyiwa dispensari ndivyo sheria inavyosema na ulivyoambiwa hospitali pia ndivyo sheria inavyosema, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, manake hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza kwamba SHA si mfuko mmoja, ni mifuko mitatu. Wa kwanza ni mfuko wa afya ya msingi, huu unatiwa pesa za ushuru na serikali, unalipia dispensari na vituo vya afya, zile wanazoziita levo 2 na levo 3, na huko kweli ukishajisajili tu unatibiwa bure. Wa pili ndio SHIF, huu ni bima, unatiwa pesa na sisi wenyewe na ndio unaolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua hospitalini, kusafisha figo na mengineyo kuanzia levo 4 kwenda juu. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, unashika pale SHIF inapoishia. Kwa hivyo wewe ulipotoka na mtoto mgongoni dispensari ukaingia geti la hospitali kubwa ulihama kutoka mfuko wa kwanza ukaingia wa pili bila ya mtu kukwambia, na mfuko wa pili haukujui kwa sababu umejisajili lakini hujalipa.

Hili linaniuma na nalisema wazi. Wanasiasa wa upande wa serikali wakipanda jukwaani husoma idadi ya waliojisajili, na ni kweli kufikia mwaka 2025 idadi ilikuwa ishapita watu milioni 20, ni kazi kubwa hiyo sikatai. Lakini wanaolipa miongoni mwa watu kama wewe wasio na mshahara wa mwezi ni wachache mno ukilinganisha na hiyo idadi, na mtu aliyejisajili bila kulipa, siku ya kulazwa hana bima. Kumsomea mwananchi idadi ya kwanza ukanyamaza ya pili ni kumpeleka mpaka kwenye geti la hospitali akaaibike huko.

Sasa la kufanya. Piga *147# kwa simu yako uangalie kama yale maswali ya kupima uwezo ulishayajibu, kama bado yajibu, utaambiwa kiwango chako. Cha chini kabisa kwa sheria ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini inalipwa kwa mwaka mara moja, yaani 3,600. Kama huwezi kutoa zote kuna ule mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioanzishwa 2025, unakopeshwa unalipa kidogo kidogo. Na kwa bili ya mtoto ambayo tayari ishakuwa, usitoroke wala usiuze pikipiki, kama ni hospitali ya serikali ulizia ofisi ya sosho woka, ndio wanaosikiliza familia ambazo hazijiwezi na wana njia ya kuombea mtu apunguziwe au asamehewe.

*Asalaam aleikum mwanangu. Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Likoni, saa tisa za usiku nshaamka nakanda unga. Kijana wa kusajili alikaa kitako na simu yake akaniuliza paa ni la nini, napikia nini, choo ni cha peke yetu ama cha kuchangia, nina tivii ama sina. Nikamjibu yote kwa ukweli. Mwisho simu ikasema nilipe elfu 7 na mia mbili za mwaka kwa mpigo. Mwanangu faida yangu ya leo ndio unga wa kesho, elfu 7 ntaziona wapi pamoja? Zamani NHIF nlikuwa nikitoa 500 kila mwezi na ilinifaa sana mume wangu alipolazwa.*
Mama wa mahamri, Likoni

Waaleikum salaam mama, na shikamoo. Barua yako nimeisoma mara kadhaa manake umeligusa lile ambalo mimi naona ndio kiini cha mzozo wote huu, mengine ni kelele za pembeni.

Kwanza kwa nini inaitishwa kwa mwaka. Wakati wa NHIF watu wengi wasio na ajira walikuwa hawalipi mpaka waugue, wakiugua wanalipa haraka haraka miezi kadhaa, wakipona wanaacha, na mfuko wa bima hauwezi kusimama hivo, ni kama chama cha mazishi ambacho watu wanachanga siku ya msiba wao tu. Kwa hivyo waliotunga sheria ya 2023 iliyoleta SHA wakaamua kwamba familia isiyo na mshahara ilipe ya mwaka mzima, tena siku 14 kabla ya ule mwaka wake kuisha. Hoja yao naielewa na si hoja ya kipumbavu. Lakini dawa wamempa asiyekuwa mgonjwa, manake mtu kama wewe uliyekuwa ukitoa 500 zako kila mwezi bila kukosa ndiye uliyeumia zaidi, na yule aliyekuwa anakwepa bado anakwepa.

Halafu yale maswali. Wenye SHA hawana njia ya kujua mama wa mahamri anapata ngapi kwa siku kwa hivyo wanatazama vitu, paa, ukuta, choo, kuni au gesi, tivii, wanaingiza kwa hesabu ya kompyuta na hesabu inabahatisha mapato yako. Sasa chukua nyumba zetu hizi za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba sita, kila chumba mpangaji wake na choo kimoja uani. Paa ni la mwenye nyumba. Tivii labda kanunua kijana alipofanya kibarua bandarini miaka ile. Umeme mita ni ya wote. Hesabu ya kompyuta inaona paa zuri na stima na tivii, haioni kwamba chumba ni cha kukodi na kodi ya mwezi huu bado. Sisemi kupima uwezo ni vibaya, mwenye nacho atoe zaidi ni haki, nasema kipimo hiki kwa mji kama Mombasa, nyumba za kupanga na biashara za siku, kinakosea watu na wanaokosewa hawana wa kumlilia.

Fanya hivi mama. Nenda Huduma Centre ya mjini au ofisi ya SHA na kitambulisho chako uwaambie nyumba ni ya kupanga, uombe maswali yarudiwe mbele yako. Pia muone yule mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba huko mtaani kwenu, hawa walizinduliwa Septemba 2023 wakiwa zaidi ya laki moja nchi nzima, muulize kuhusu wale watu wanaolipiwa na serikali, Oktoba 2025 serikali ilitangaza kulipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Usione haya kuuliza, ni pesa za umma.

Na maoni yangu mimi ni haya. Nchi yetu kati ya kila wafanyakazi kumi zaidi ya wanane wako nje ya ajira rasmi, mahamri, boda, mitumba, uvuvi, vibarua vya mjengo. Bima inayotegemea kila mmoja wa hao atoe pesa kwa hiari kila mwaka itakimbizana na watu mpaka kiama. Na si kwamba wewe hulipi kitu, mama! Kila mtungi wa mafuta unaokaangia mahamri una VAT ya asilimia 16 ndani yake, sabuni unayooshea sufuria vivyo hivyo, salio la simu pia lina ushuru wake juu ya VAT. Ushalipa. Mimi nasema mtu asiye na pesilipu alipiwe na hizo hizo pesa za ushuru anazozitoa kila siku dukani, na bima ya kukatwa ibaki kwa wenye mishahara.

*Mambo. Nafanya kazi hoteli Shanzu, mshahara wangu 50,000 kabla ya makato. NHIF ilikuwa inakata 1,200, SHIF inakata 1,375. Naona kama tunabebeshwa mzigo wa watu wengine. Na msimu ukiwa chini tunapewa likizo bila malipo, sasa nikae bila bima?*
Mhudumu wa hoteli

Hesabu yako ni sawa, asilimia 2.75 ya elfu 50 ni 1,375, umeongezewa 175. Lakini tazama na wenzako. Yule anayefagia hapo hotelini kwa elfu 20 NHIF ilikuwa ikimkata 750 na sasa anakatwa 550, huyo kapata nafuu. Meneja wa laki mbili alikuwa anatoa 1,700 basi, manake NHIF ilikuwa na kikomo, mtu wa laki moja na mtu wa milioni moja walikuwa wanalipa sawasawa. Leo huyo wa laki mbili anatoa 5,500. Hapo mimi naiunga mkono sheria mpya bila kigugumizi, kipato kikipanda mchango upande. Na tangu mwisho wa Desemba 2024 SHIF inatolewa kwanza kabla ya kupigiwa hesabu ya PAYE, kwa hivyo ushuru wako umeshuka kidogo, angalia pesilipu yako vizuri.

Kinachonishangaza ni kitu ambacho hakisemwi sana na hata vyama vya wafanyakazi sijui mbona hawakikazanii, mwajiri wako hatoi hata senti moja ya SHIF. Kwa nyumba za bei nafuu wewe unakatwa asilimia 1.5 na yeye anaongeza 1.5 yake. Kwa afya, hakuna. Haya mambo ya kukata mshahara kwa ajili ya matibabu yalianzia Ujerumani mwaka 1883 chini ya Bismarck, na tangu siku ya kwanza mwajiri alikuwa anatoa theluthi moja na mfanyakazi theluthi mbili. Sisi tumechukua nusu ya mpango wa Mjerumani tukaiacha nusu iliyokuwa inamgusa tajiri.

Kwa msimu wa chini, ukiwekwa likizo bila malipo hakuna kinachokatwa na wewe unageuka kuwa kama mtu wa boda kwa hiyo miezi. Uliza ofisi ya wafanyakazi mapema kabla hamjatawanyika kama michango yote ya nyuma imewasilishwa, kuna waajiri wanakata na hawapeleki, halafu piga *147# ujionee mwenyewe.

*Mimi ni mzee wa Majengo. Nakumbuka tulipokuwa vijana unaingia hospitali ya serikali unatibiwa, unapewa dawa, unaenda zako. Leo mnaambiwa matibabu kwa wote kama kitu kipya. Kiliharibika wapi?*
Babu, Majengo

Shikamoo babu, kumbukumbu yako ni sahihi kabisa. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta iliondoa ile ada iliyokuwa inatozwa wagonjwa tangu ukoloni, ilikuwa katika vile vita vitatu vya umasikini, ujinga na maradhi. Mwaka uliofuata, 1966, ikaundwa NHIF. Miaka ya themanini pesa zikapungua, wakopeshaji wa nje wakabana, na mwaka 1989 ikaja ile kitu watu waliita kost shearing, mgonjwa achangie. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka uliofuata wakaisimamisha, halafu wakairudisha kidogo kidogo kuanzia 1992.

Pale ambapo mimi naona tulikaribia sana ni 2004. Charity Ngilu akiwa waziri wa afya alipeleka mswada wa bima ya kijamii ya kila Mkenya, bunge likaupitisha, ukafika kwa Rais Kibaki hakutia sahihi. Waajiri na bima za kibinafsi walikuwa wameupinga, na hazina ikasema pesa hakuna. Mwaka huo huo ada za dispensari zikashushwa zikawa shilingi 10 na vituo vya afya shilingi 20, na 2013 zikaondolewa kabisa pamoja na kujifungua bure. Desemba 2018 Uhuru Kenyatta akazindua majaribio ya matibabu kwa wote kule Kisumu, na kaunti za Nyeri, Isiolo na Machakos zikiwemo. Pwani hatukuwemo hata kaunti moja. Halafu Oktoba 2023 Rais Ruto akatia sahihi sheria nne kwa pamoja, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Kila serikali inakuja na jina lake na inalivunja la mwenzake, na mgonjwa kila mara anaanza foleni upya kujisajili.

*Kwenye maskani yetu Changamwe ukikosoa SHA unaambiwa wewe ni wa upinzani, ukiisifu unaambiwa umenunuliwa. Mimi nataka tu kujua ni halali ama si halali, manake tulisikia korti iliifuta.*
Kijana wa maskani

Kwa ufupi. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisimamisha zile sheria, Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu ziendelee kwa sehemu kubwa, Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema zinakiuka katiba kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, wakalipatia bunge siku 120 kurekebisha, na Septemba Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo. Ndio maana ikaanza Oktoba.

Kukosoa si uadui jamani. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, Nancy Gathungu, si mwanasiasa, na ripoti yake ya Machi 2025 ndiyo iliyosema ule mtambo wa kidijitali wa SHA wa shilingi bilioni 104.8 ulinunuliwa bila ushindani wa zabuni na serikali yenyewe si mmiliki wake. Hospitali za kibinafsi zilizo katika chama chao cha RUPHA ziliposimamisha huduma za SHA Februari 2025 zilikuwa zinadai madeni, mengine ya tangu NHIF. Na upande wa pili pia, Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya kuitisha malipo ya wagonjwa hewa, na kama ni kweli basi hao ni wezi wa dawa za watoto wetu na mimi sitawatetea kwa sababu tu siipendi serikali ama naipenda.

Uchaguzi wa 2027 unakuja, wanasiasa watakuja maskani kwenu wote. Anayesema ataivunja SHA muulizeni ataweka nini siku ya pili yake asubuhi, mtu wa kusafisha figo ana zamu Jumanne na kila zamu moja SHA inalipa 10,650, nani atailipa? Na anayeitetea muulizeni ule mfuko wa kwanza na wa tatu, hii inayotegemea ushuru, bajeti imeutia shilingi ngapi. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya na sisi hatujafika. Ubishi ukiwa juu ya jina SHA ama NHIF hao wote wanastarehe, ukiwa juu ya pesa za ule mfuko wa kwanza wanaanza kutokwa jasho.

*Kakangu yuko Marekani, kila akipiga simu analalamika bima. Mimi nilidhani kule kila kitu kiko sawa. Na wao wanagombana nini?*
Dada, Tudor

Dadangu, Marekani ndio nchi tajiri ambayo mpaka leo haina mpango unaomfunika kila raia, na siasa zake ni moto kuliko zetu. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Medicare ya wazee wa miaka 65 kwenda juu na Medicaid ya wasiojiweza, waliobaki wategemee mwajiri au wajinunulie. Obama akaja na sheria yake tarehe 23 Machi 2010 kujaribu kuziba pengo, na 2017 wapinzani wake wakajaribu kuifuta, ikaponea kwenye seneti kwa kura moja, John McCain wa chama kile kile kilichotaka kuifuta akakataa. Medicaid nayo imeachiwa kila jimbo liamue kuipanua ama kutoipanua, kwa hivyo masikini wa jimbo hili anatibiwa na wa jimbo la jirani hapati.

Ukitaka mfano wa kujifunza usiende Marekani. Uingereza tangu 5 Julai 1948 hospitali zinalipwa na ushuru na mgonjwa haulizwi kadi ya bima. Lakini hao ni matajiri. Mimi huwa nataja Thailand. Walikuwa na wakulima na wachuuzi tele wasio na mshahara, kama sisi, na walijaribu kuwauzia kadi za bima za hiari miaka na miaka haikushika. Mwaka 2002 wakaamua, wenye mishahara wabaki na mipango yao, wengine wote walipiwe na ushuru, ukienda hospitali unatoa baht 30 tu, nayo ni pesa kidogo sana. Ghana nao tangu 2003 waliweka asilimia 2.5 juu ya bidhaa zinazouzwa iende moja kwa moja kwa bima ya afya, na Rwanda wale wa daraja la chini kabisa serikali ndiyo iliyowalipia. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefanikiwa kwa kumsubiri mama wa mahamri alete elfu 7.

*Kakangu aligongwa na tuktuk usiku karibu na Kibokoni, hospitali moja ya kibinafsi ikataka dipoziti kabla hata ya kumfunga jeraha. Ni sawa?*
Msomaji, Mji wa Kale

Si sawa hata kidogo. Katiba kifungu cha 43 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inasema hospitali yenye uwezo ikikataa kumhudumia mtu wa dharura inaweza kutozwa faini mpaka shilingi milioni tatu, iwe ya serikali ama ya kibinafsi. Dharura ni mpaka hali yake itulie, baada ya hapo wanaweza kuzungumza pesa ama kumhamisha. Andika tarehe, saa, jina la hospitali na aliyewahudumia, mpeleke malalamiko kwa baraza la madaktari na kwa idara ya afya ya kaunti kwa maandishi. Na kakako namuombea shifaa.

*Dispensari yetu huku Jomvu kweli hawatuitishi pesa siku hizi, lakini dawa hakuna. Unaandikiwa karatasi uende duka la dawa. Presha yangu peke yake inanila pesa kila mwezi. Hii ndio bure gani?*
Mama wa watoto wanne, Jomvu

Dada nimekuwekea wewe mwisho kwa sababu suala lako watu wanalitupa kwa SHA wakati sehemu kubwa iko hapa hapa nyumbani. Tangu katiba mpya, dispensari, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti, wauguzi ni wa kaunti, dawa zinaagizwa na kaunti. Nairobi inaweza kutia pesa kwa mfuko wa afya ya msingi na bado kabati la dispensari likawa tupu kama kaunti haikuagiza ama ina deni kwa KEMSA inakoagiza dawa. Na pale Nairobi inapochelewesha zile pesa, kaunti nayo inapata kisingizio, kila mmoja ananyoosha kidole kwa mwenzake na wewe unaenda duka la dawa.

Moja ya zile sheria nne za 2023 inasema pesa ambazo kituo kinakusanya zibaki kwa kituo kile kile zitumike pale, zisiende mfuko mkuu wa kaunti. Kituo chenu kina kamati na ndani ya kamati lazima kuwe na wakaazi. Jueni ni kina nani, waulizeni robo hii zimeingia ngapi na dawa za presha na sukari zimeagizwa lini mara ya mwisho. Pia bajeti ya kaunti yafaa ifike kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili na ipitishwe kabla ya mwisho wa Juni, na katikati hapo wananchi wanaitwa kutoa maoni wadi kwa wadi, ni vikao ambavyo huwa wanajaa watu wa barabara na mitaro na wa dawa hawaonekani. Kuanzia mwezi huu kila karatasi ya dawa unayoandikiwa ukanunue nje usiitupe, mwambie na jirani asitupe, mukiitwa kikao cha wadi nendeni nazo zote na risiti za duka la dawa, mumkabidhi MCA wenu mbele ya watu na mumtake azisome.